Kimbunga Sio Kila Upepo: Mwaka wa Vimbunga vya Bahari ya Hindi, kwa Sisi Watu wa Kigoma

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 asubuhi nilikuwa mwaloni Kibirizi natafuta dagaa wa kutuma Tabora. Usiku wake palikuwa pamepiga mvua ya radi na upepo, kama nusu saa hivi, na mama mmoja ninayenunuaga kwake alikuwa ameinama anaokota dagaa zake kwenye mchanga maana turubai aliloanikia lilibebwa likaenda kukwama kwenye mtumbwi wa watu. Pembeni simu yake inaongea, voisi noti ya wasap, jamaa anasema harakaharaka kwamba kimbunga Hidaya kimeshaimaliza Dar, sasa kinafuata reli, Dodoma, Tabora, jioni kiko Kigoma, wavuvi wasithubutu kuingia majini. Mama akaniangalia. "Sasa mwanangu, hiki cha usiku ndo kilikuwa mwanzo wake?"

Jibu fupi ni hapana. Ila jibu fupi halisaidii, maana mwakani inakuja voisi noti nyingine yenye jina lingine tunaanza upya, kwa hiyo naomba tulipitie hili jambo polepole mpaka likae kichwani, kwa sababu naona tunachanganya vitu vinne ambavyo kila kimoja kina habari yake: upepo, mvua ya radi, el nino na kimbunga. Vyote tunaviita kimbunga.

Kiswahili chetu cha mtaani kinachangia. Upepo wowote unaozunguka tunauita kimbunga, hata ule wa kiangazi pale Tabora unaonyanyua vumbi na makaratasi mwezi wa nane, ambao jina lake ni chamchela. Bati la shule likiezuliwa, kimbunga. Sasa watu wa hali ya hewa wakitaja hilo neno wanamaanisha kitu kimoja tu, mfumo mkubwa wa mawingu, mvua na upepo unaozaliwa baharini kwenye maji ya joto, unaozunguka sehemu yenye mgandamizo mdogo wa hewa, upana wake mamia ya kilomita, na unaishi siku kadhaa, vingine wiki na zaidi. Chamchela anakatiza uwanja wa mpira kwa dakika moja basi kaisha. Mvua ya radi inalowesha kata mbili tatu kwa saa moja. Kimbunga cha kweli kikitandazwa juu ya ramani kinaweza kufunika Kigoma yote, kikamega Tabora na bado mkia wake uko Burundi. Ni ukubwa mwingine kabisa.

Kinavyotokea, chukua jiko la mkaa. Mkaa ukikolea hewa ya moto inapanda, na kule chini kwenye kamlango hewa nyingine inavutwa kuingia, ukisogeza kidole pale unausikia upepo unapita. Bahari ndo mkaa wenyewe. Maji yakifika joto la nyuzi 26 au 27, tena sio juujuu tu bali mpaka kama mita 50 kwenda chini, mvuke unapanda kwa wingi, ukifika juu unageuka mawingu, na katika kugeuka unaachia joto jingine, joto hilo linavuta hewa zaidi, hewa inakuja na mvuke zaidi, yani jiko linajipepea lenyewe. Hewa inayokimbilia katikati haiji imenyooka, dunia inavyojizungusha inaipinda, na huku kwetu kusini mwa Ikweta inazunguka kufuata mshale wa saa. Kikishashika nguvu katikati panatokea jicho, sehemu tulivu kabisa, mawingu yanafunguka unaweza kuona hata nyota. Watu wa visiwani wanaonywa kila mwaka wasitoke nje jicho likiwa juu yao, maana baada ya muda ukuta wa mawingu wa upande wa pili wa jicho unafika na upepo unavuma kinyume na ule wa mwanzo, na nyumba iliyolegezwa upande mmoja inamaliziwa upande wa pili.

Kulizima jiko ni kutoa mkaa. Kimbunga kikipanda nchi kavu kimekatiwa mkaa, kinaanza kufa saa hiyohiyo, upepo ndo unaotangulia kuisha, mvua inabaki siku mbili tatu zaidi. Kwa hiyo hakuna kimbunga kinachofuata reli. Kutoka pwani mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000 za nchi kavu, na wanaosema milima ndo inatukinga wanakosea kidogo, milima inasaidia kukivuruga lakini hata ingekuwa tambarare tupu mkaa ungeishia njiani.

Wavuvi wana swali zuri kuliko hilo, nimeulizwa mara nyingi: ziwa letu nalo lina joto, lina kina cha mita 1,470, kwa nini lisizae kimbunga chake? Ni kweli maji ya juu ya Tanganyika yana joto zuri tu, nyuzi 24 mpaka 28 kutegemea mwezi. Tatizo la kwanza ni upana. Ziwa lina urefu wa kama kilomita 670 lakini upana wake wa wastani ni kama 50 tu, sasa kutegemea hapo patoke kitu cha upana wa kilomita 500 ni sawa na kutaka kupika pilau la harusi juu ya chetezo cha udi. La pili ni Ikweta. Ule mpindo wa dunia niliousema, ukiwa jirani na Ikweta hauna nguvu, na kwa kawaida vimbunga havizaliwi ndani ya digrii 5 kila upande. Mji wa Kigoma uko hapohapo kwenye digrii 5 kusini. (Na wale wanaowaonyesha watalii beseni pale Uganda, maji yanazunguka hivi upande huu na vile upande ule, ule ni ufundi wa mikono, mpindo wa dunia hauonekani kwenye beseni, unahitaji kitu cha mamia ya kilomita ndo uonekane.)

Haya, sasa mwaka wenyewe.

Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi vina mwaka wao na haufuati Januari. Unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni, sawasawa kabisa na mwaka wa bajeti ya serikali yetu. Ndani ya huo mwaka kuna msimu ambao ndo wa kuogopwa, katikati ya Novemba mpaka mwisho wa Aprili, kwa sababu ndo bahari ya kusini inapokuwa imepata jua la kutosha. Eneo linalohesabiwa ni kuanzia pwani ya Afrika mpaka mstari wa digrii 90 mashariki, huko mbele ya hapo ni hesabu ya Australia na Indonesia. Kituo kikuu cha kufuatilia kiko kisiwa cha Réunion, na majina yanatangazwa na Madagaska au Morisi kutegemea kimetokea upande gani. Mwaka wa kawaida unatoa kama tisa kumi hivi vyenye majina. Vingi havigusi mtu, vinazunguka baharini na kufia hukohuko.

Majina yanasumbua watu sana. Nimesikia eti Hidaya ni mtu, nimesikia eti wanachagua majina ya wanawake kwa makusudi. Orodha inapangwa mapema, nchi wanachama wa ukanda huu zinapeleka majina, ya kike na ya kiume yamechanganywa, na yanafuata alfabeti. Soma jina la kimbunga kama unavyosoma namba ya gari. Ukiona gari namba D na lingine namba E hauulizi lipi limesajiliwa mwisho, na huku ni hivyohivyo: A ni cha kwanza mwaka huo, H ni cha nane. Mwaka mpya ukianza mnarudi A. Jina likishatumika huku kwetu halirudiwi tena. Na gari la Burundi likiingia kwa njia ya Manyovu linabaki na namba zake za Burundi, si ndio, basi kimbunga kilichosajiliwa upande wa Australia kikivuka mstari wa digrii 90 kuja huku kinabaki na jina la kwao.

Jina linatolewa upepo ukifika kilomita 63 kwa saa. Hapo bado ni dhoruba, sio kimbunga kamili. Kimbunga kamili kinaanzia kilomita 118, kikivuka 165 kinaitwa kikali, kikivuka 212 ni kikali sana. Ukitaka kuzionja hizo namba kumbuka basi la Tabora likiwa na kilomita 80, ukatoa mkono dirishani, ule msukumo unaousikia. Sasa upepo ukiongezeka mara mbili msukumo hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Ndo maana 160 unang'oa paa ambalo 80 uliliacha salama.

Mwaka wa 2023/24 ndo uliomleta Hidaya, tuupitie. Ulichelewa kuanza, wa kwanza, Alvaro, alipata jina mwisho wa Desemba 2023 na akaingia Madagaska siku ya mwaka mpya. Wa pili Belal, na huyu ana funzo. Tarehe 15 Januari 2024 alipiga Réunion, watu kule walifungiwa ndani kwa amri na upepo ukapita. Morisi hakikuwapiga sawasawa lakini mvua ilishuka ghafla Port Louis watu wakiwa makazini, magari yakaanza kuelea barabarani yakigongana kama mitumbwi iliyokatika kamba, lawama zikawa kubwa mpaka mkuu wa hali ya hewa akajiuzulu. Kumbe upepo wa Belal uliwapita pembeni, maji ndo yaliyowakuta. Kisha Candice, na katikati akaingia Anggrek mwenye namba za Indonesia, jina lenyewe kwa lugha yao ni ua la okidi. Djoungou alikuwa mkali lakini alizunguka bahari tupu. Eleanor akapita. Filipo aliingia Msumbiji mwezi Machi. Neville akaja kutoka upande wa Australia. Halafu Gamane, 27 Machi, alitegemewa apite pembeni tu ya kaskazini ya Madagaska, akageuza njia akaingia nchi kavu, na mbaya zaidi akatembea taratibu, mvua ikashuka palepale, watu wasiopungua 18 wakafa na vijiji vikawa maji.

Hapo Aprili inaisha. Msimu umefungwa, watu wanaona basi. Ndo anatokea Hidaya.

Alipata nguvu ya kimbunga kamili mwanzoni mwa Mei, mashariki ya Mtwara na Lindi huko, upepo wake ulifika kama kilomita 150 kwa saa. Tangu setilaiti zianze kupima hakuna kilichowahi kurekodiwa kufika nguvu kiasi kile kwenye sehemu ile ya bahari. Kilichowashangaza wataalamu ni mahali, digrii 8 hivi kusini, karibu mno na Ikweta kwa kimbunga cha nguvu ile, na tarehe, msimu umeshaisha. Bahari ilikuwa na joto kuliko kawaida, mkaa ulikuwa umebaki. Boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Tarehe 4 kikafika eneo la Mafia kikiwa kimeshaanza kuchoka, usiku Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikatangaza kimepoteza nguvu. Watu mtandaoni wakaanza kulalamika wametishwa bure. Sio bure hata kidogo. Kule Kilwa mvua yake ilikata barabara ya Dar na Lindi pale Somanga, kusini yote ikawa kisiwa, mabasi na malori yamepanga foleni, wagonjwa ndani. Wiki mbili baadaye akaja wa tisa, Ialy, akapanda kuelekea Kenya na kufia baharini kabla hajafika.

Kwa hiyo swali la kama Tanzania inapigwaga na vimbunga, jibu ni ndio, mara chache. Tarehe 15 Aprili 1952 kimoja kiliingia Lindi. Na tarehe hiyohiyo, 15 Aprili, mwaka 1872 Zanzibar ilipigwa vibaya, meli za Sultani Barghash zikazama bandarini na mikarafuu ya Unguja ikalala chini, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa na ndo toka hapo karafuu ikawa ya Pemba mpaka leo. Mi hiyo ya 1872 huwa naifikiria sana kwa sababu moja. Livingstone, yule aliyekutana na Stanley hapa Ujiji Novemba 1871, mwezi huo wa Aprili alikuwa amekaa Kwihara, Tabora, anasubiri wapagazi kutoka pwani. Zanzibar inabomoka na Tabora mtu anakunywa chai yake hajui, habari ilibidi itembee kwa miguu. Kimbunga chenyewe hakikuweza kutembea mpaka Tabora.

Upepo hautufikii. Mvua ni habari nyingine, na hapa naomba tusikimbie.

Mvua zetu za Kigoma na Tabora zinaanza Novemba mpaka Aprili, mwisho Mei mwanzoni, yani zinakaa ndani ya msimu wa vimbunga karibu siku kwa siku. Kimbunga kikiwa mashariki ya Madagaska, mbali kabisa, kinavuta hewa kutoka pande zote kama jiko kubwa, na mara nyingine hewa inayovutwa inatokea magharibi, inatoka misitu ya Kongo imejaa unyevu, inapita juu yetu. Hapo mvua inatunyeshea sisi wakati kimbunga kiko kilomita zaidi ya 2,000. Ilionekana vizuri Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande ule wa Madagaska na Afrika Mashariki ikanyeshewa sana. Kikikaa sehemu nyingine kinafanya kinyume, kinavuta unyevu kwake, na sisi tunakaa wiki nzima jua kali katikati ya masika mkulima wa tumbaku Urambo anaangalia juu haelewi. Kwa hiyo ukisikia TMA wanataja kimbunga kilichoko mbali kwenye utabiri wa mikoa ya magharibi usidhani wamekosea ramani.

Na wasio na bahari wasijione wako salama kwa vyovyote. Freddy, wa Februari na Machi 2023, alizaliwa karibu na Australia akavuka bahari yote, akaishi siku 36, hakuna kimbunga kilichowahi kuthibitishwa kuishi hivyo. Aliua zaidi ya watu 1,000 Malawi, na Malawi haina bahari, ina ziwa kama sisi. Waliokufa Blantyre waliuliwa na milima iliyoshiba maji ikaporomoka juu ya nyumba usiku. Tofauti yao na sisi ni umbali, wako karibu zaidi na pwani ya Msumbiji.

El nino nayo tuiweke mahali pake. Tangu zile mvua za 1997/98 kila mafuriko Tanzania ni el nino. El nino sio mvua wala upepo, ni hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki, huko upande wa pili wa dunia, kupata joto kuliko kawaida kwa miezi mingi, na joto hilo linahamisha mvua za dunia. Inakaa miezi, haina jicho, haina jina la alfabeti, huwezi kusema iko Mafia sa hivi. Mwisho wa 2023 tulikuwa nayo, na Bahari ya Hindi upande wetu nayo ilikuwa na joto, ndo mvua zile. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima Hanang lilipofunika Katesh, mwaka ule wa vimbunga ulikuwa haujatoa hata jina la kwanza. Hapakuwa na kimbunga upande wetu wa bahari.

Hivyohivyo kwa ziwa. Nyumba za Kibirizi na Katonga zilizoingia maji watu wanasema ni Hidaya. Ziwa lilianza kupanda miaka kabla ya Hidaya, kwa mvua za misimu mfululizo, Malagarasi na Ruzizi na mito yote inaleta, na njia ya maji kutoka ni moja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Ndoo inajazwa na mabomba kumi ina tundu moja.

Kuhusu dunia kupata joto, wanasayansi hawasemi vimbunga vitakuwa vingi zaidi, wanasema kati ya vitakavyotokea vile vikali vitaongezeka, na vitabeba mvua zaidi. Mwaka uliofuata, 2024/25, namba zilirudi A, Ancha, Bheki, na wa tatu akawa Chido, tarehe 14 Desemba 2024 akaifumua Mayotte, visiwa vilivyo kati ya Msumbiji na Madagaska, kiasi ambacho wazee wa pale hawajakiona kwa miaka 90.

Nirudi mwaloni. Nilimweleza yule mama kwamba cha usiku ilikuwa mvua ya radi ya hapahapa ziwani, imezaliwa jioni imekufa usiku, haina undugu na Hidaya. Akanyamaza, kisha akasema basi mwanae anaweza kuingia ziwani leo. Hapo ndo niliposhtuka, maana zilikuwa siku za giza, siku 11 kabla ziwa halijafungwa kuvua, kila mtu anataka kuwahi, na mimi nimemtoa hofu ya kitu kilichoko Mafia nikamwacha bila hofu ya kitu kilichomwaga dagaa zake usiku uleule. Radi na upepo wa ghafla vinaua wavuvi wetu kila mwaka bila jina wala alfabeti. Nikamfungulia utabiri wa TMA wa maziwa kwenye simu yangu, upepo na mawimbi ya Tanganyika wanayaandika peke yake, nikamwonyesha na zile rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Akaniomba nimtumie kijana wake. Nikatuma. Ile voisi noti akaifuta mbele yangu, tukahesabu sado za dagaa zilizobaki safi, zilikuwa nne, na zenye mchanga akaziweka pembeni za kuku.